Aliyeshika Laini Zote: Kisa cha Telkom na Funzo kwa Vijana wa Kericho na Bomet



Vijana wenzangu, na nyinyi wazazi ambao jarida hili linawafikia nyumbani, Ramadhan karim. Mazungumzo haya ni ya kazi na biashara. Huenda mwingine akauliza, mwezi kama huu tunaongeaje habari za kampuni za simu? Lakini hebu fikiri kidogo. Usiku ule wa kungoja mwezi uandame, kila mtu ana nini mkononi? Simu, si ndiyo? Tunapiga Mombasa, tunapiga Lamu, "Huko mmeuona?" Na kabla kahawa haijapoa, Kericho yote ishajua kama kesho ni saumu au ni Idi.

Jambo hilo tumelizoea sana, hata tumesahau kwamba kulikuwa na shirika moja tu katika nchi hii lililokuwa na uwezo wa kukuunganisha na mtu wa mbali. Shirika hilo lilikuwa na waya, lilikuwa na majengo katika kila mji, na lilikuwa na sheria upande wake. Leo vijana wengi hawajui hata namba ya Kericho ya simu ya waya ilianza na 052. Imekuwaje? Hicho ndicho kisa ninachotaka tukiangalie pamoja, kisha tujiulize kinatuhusu vipi sisi watu wa majani chai.

Simu ya mbali ilivyokuwa

Mtu aliyetoka Kisii, Siaya au Kakamega kuja kuchuma chai Kericho, akitaka habari za nyumbani, alikuwa na njia mbili: barua au simu ya posta. Barua ilikwenda kwa siku zake. Simu nayo ilikutaka uende mjini, upange foleni, na huko unakopiga lazima pawe na simu vilevile: kwa mwenye duka, kwa shule au ofisi ya chifu. Umwombe aliyepokea amtume mtoto akamwite mama yako shambani, ukate, urudi kwenye foleni upige tena. Na kwa miaka mingi simu za mbali zilipitia kwa opareta. Unampa namba, unakaa, unangoja akuite.

Hadi mwaka 1977 kazi hiyo ilikuwa ya shirika moja la posta na simu la Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka huo, Kenya ikaunda shirika lake, Kenya Posts and Telecommunications Corporation, ambalo wengi walilijua kwa herufi zake, KPTC. Simu za ng'ambo zilikuwa chini ya kampuni nyingine, Kenextel, iliyotumia kituo cha setilaiti cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970. Mwaka 1982 Kenextel nayo ikaunganishwa na KPTC. Basi kuanzia hapo kila kitu kikawa ndani ya kapu moja: barua, simu ya mjini, simu ya mbali, simu ya ng'ambo.

Tusimnyime mtu haki yake. Shirika hili lilifanya kazi kubwa. Kupitisha nguzo na waya kwenye milima na mabonde, kutoka Mombasa hadi mpakani Busia, si mchezo. Lilifundisha mafundi wengi, na baadhi yao ndio waliokuja kuzijenga kampuni za simu za mkono baadaye. Mtoto akiajiriwa KPTC, familia ilichinja mbuzi. Ilikuwa kazi ya kudumu, yenye nyumba na pensheni.

Lakini upande wa mteja je? Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ya watu karibu milioni 30 ilikuwa na laini za simu kama 300,000 tu. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wameomba laini na wanangoja. Waya ukikatika au shaba ikiibwa, mteja alikaa hata miezi. Na angefanya nini? Angehamia wapi? Hapakuwa na mwingine. Hata simu ya mkono ilipoingia Kenya mwaka 1993, ilikuwa ya shirika hilohilo, na chombo chenyewe kiliuzwa kwa karibu shilingi 250,000. Miaka 6 ikapita, hadi 1999, na wateja wa simu hizo hawakuzidi 20,000 nchi nzima.

Ndugu msomaji, shika hapo. Foleni ilikuwa ndefu, na ndani ya ofisi ile ndefu ilionekana kama ushahidi kwamba mambo ni mazuri: "Watu wanatutaka." Kumbe watu hawakuwa wanaitaka ofisi ile. Walikuwa wanataka kuongea na mama zao, na mlango ulikuwa mmoja.

Mtoto aliyemshinda mzazi

Mwaka 1999, kwa sheria mpya ya mawasiliano ya 1998, KPTC iligawanywa. Barua zikaenda kwa Posta, usimamizi ukaenda kwa tume ya mawasiliano, na simu zikabaki kwa kampuni mpya iliyoitwa Telkom Kenya. Telkom ilipewa miaka 5, hadi 2004, ya kuendesha simu za waya, za mbali na za ng'ambo karibu bila mshindani. Yaani iliambiwa: una miaka 5, jitengeneze kabla wengine hawajafunguliwa mlango.

Na wengi hawajui hili: Safaricom ilizaliwa ndani ya nyumba hiyo. Iliandikishwa mwaka 1997, ikawa kampuni tanzu ya Telkom. Mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ikachukua asilimia 40, ikaja na uongozi mpya. Mwaka huohuo Kencell nayo ikaanza, ile ambayo baadaye iliitwa Celtel, kisha Zain, na tangu 2010 ni Airtel.

Sasa angalia jambo dogo lililofanywa na Safaricom. Kencell ilianza kwa kutoza kwa dakika. Ukiongea sekunde 10, umelipa dakika nzima. Safaricom ikasema, sisi tutatoza kwa sekunde. Umeongea sekunde 10, lipa sekunde 10. Mchuma chai mwenye kredo ya shilingi chache akaona, aah, kumbe naweza kupiga, niseme "nimefika salama," nikate, na pesa zangu zibaki. Hakuna ajabu yoyote katika jambo hili. Ni mizani kupima sawasawa. Lakini lilimwambia mtu wa chini kwamba sekunde zake zina thamani.

Baadaye ikaja Sambaza, ukaweza kumtumia mtu kredo. Watu wenyewe wakaanza kuitumia kama pesa. Mwezi wa Machi 2007 ikaja M-Pesa. Sasa mchuma chai wa Kericho hakuhitaji tena kumpa dereva wa matatu bahasha ya pesa ampelekee mke wake Kisii. Leo wateja wa Safaricom wamepita milioni 40. Mtoto huyo ametoka kwa mzazi aliyekuwa na laini 300,000!

Na mzazi alikuwa akifanya nini wakati huo? Nitawapa mfano mmoja. Mwezi wa Novemba 2000, kampuni za intaneti za Kenya zilikutana zikafungua kituo chao Nairobi cha kubadilishana mawasiliano. Sababu? Kabla ya hapo, ujumbe wa mtu wa Nairobi kwenda kwa mwenzake mtaa wa pili, ikiwa wanatumia kampuni tofauti, ulirushwa kwa setilaiti hadi ng'ambo halafu ukarudi. Gharama zake zililipwa kwa dola. Kituo kile kingeuzuia upotevu huo. Telkom ikalalamika kwamba haki ya kubeba mawasiliano ni yake peke yake, na baada ya wiki chache tu kituo kikafungwa. Kikafunguliwa tena mwaka 2002 baada ya mvutano mrefu.

Telkom ilishinda kesi ile kwa muda, lakini ilishinda nini? Ilitumia nguvu zake kumzuia mteja asipate njia fupi, badala ya kuzitumia kumtengenezea njia yenyewe. Ile miaka 5 ya kujitengeneza ilikwisha hivyo.

Kuporomoka kidogo kidogo

Kampuni kubwa haianguki kama mti uliokatwa. Inaoza kama nguzo ya mbao, chini kwanza, ndani ya udongo usikoona. Telkom ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 15,000 kwa laini zile zile karibu 300,000. Piga hesabu: mfanyakazi mmoja kwa laini 20 hivi. Ilikuwa na madeni, na wizara na ofisi za umma zilikuwa miongoni mwa waliochelewa kuilipa. Wezi wa shaba walikata waya, na kila waya uliokatwa ulimfundisha mteja mmoja zaidi kuishi bila simu ya waya. Kabla ya kuuzwa, maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi. Hawa ni baba za watu, ambao walichinjiwa mbuzi siku ile.

Serikali ilipojiandaa kuiuza, zile hisa asilimia 60 za Telkom ndani ya Safaricom zilihamishwa zikawekwa Hazina. Mwaka 2007 France Telecom ikanunua asilimia 51 ya Telkom kwa dola milioni 390. Mwaka 2008 jina likawa Orange. Mwaka huohuo serikali iliuza asilimia 25 ya Safaricom kwa wananchi na wawekezaji, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Jumla ni shilingi bilioni 50, na watu walipanga foleni kuzinunua. Yaani robo tu ya mtoto iliuzwa kwa pesa nyingi kuliko nusu nzima ya mzazi.

Wafaransa nao wakachoka. Mwaka 2016 wakauza sehemu yao kwa kampuni ya uwekezaji iitwayo Helios, na mwaka 2017 jina la Telkom likarudi. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba itaungana na Airtel, na mwaka 2020 mpango huo ukavunjika. Mwezi wa Agosti 2022 serikali ikailipa Helios zaidi ya shilingi bilioni 6 kuinunua tena, na malipo hayo yakazua maswali bungeni. Mwaka 2023 sehemu nyingi za nchi wateja wa Telkom walikaa bila mtandao kwa sababu ya deni la kampuni inayomiliki minara. Jina halijafutika, lakini yule aliyeshika laini zote sasa alikuwa anadaiwa kodi ya mlingoti.

Si la serikali peke yake

Msije mkasema, "Aah, hayo ni mashirika ya serikali, ya binafsi hayawi hivyo." Marekani kulikuwa na kampuni ya simu za mbali iliyoanzishwa mwaka 1983 katika jimbo la Mississippi, ikaitwa baadaye WorldCom. Ilianza ndogo: ikikodi laini za wakubwa kwa jumla na kuwauzia watu simu za mbali kwa bei nafuu. Kiongozi wake, Bernard Ebbers, alinunua kampuni moja baada ya nyingine. Mwaka 1998 akanunua MCI kwa karibu dola bilioni 37.

Biashara ilipopungua, wakubwa wa hesabu pale wakafanya hila. Pesa walizolipa kukodi laini wakaziandika kama mali waliyonunua. Ni kama mwenye kiosk ambaye kila mwezi analipa kodi ya kibanda, halafu kwenye daftari anaandika "nimenunua nyumba." Kwenye karatasi anatajirika, mfukoni anakauka. Mwezi wa Juni 2002 wakaguzi wa hesabu wa ndani ya kampuni, wakiongozwa na mama mmoja aitwaye Cynthia Cooper, waliyafichua mambo hayo. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kufilisika, kubwa kuliko zote Marekani hadi wakati huo. Mwaka 2005 Ebbers alihukumiwa miaka 25 jela.

Mmoja alimsahau mteja, mwingine aliwadanganya wenye hisa. Lakini ukichunguza, mzizi ni mmoja: kudhani kwamba mtu aliye chini yako hataona, au akiona hana pa kwenda.

Na sisi wa majani chai?

Haya basi, turudi nyumbani. Katika Kericho na Bomet wapo watu wengi ambao hawana pa kwenda, na wapo wengi wetu tulioshika "laini" zao.

Kwanza, aliyeshika mizani. Mkulima wa Litein, wa Mogogosiek au wa Silibwet akifikisha majani yake kwenye kituo cha kununulia chai, jua linazama, majani yananyauka. Hawezi kuyabeba akayauze kwingine usiku ule. Karani akikata kilo moja, mkulima atanyamaza. Kijana, ukipata kazi hiyo, kumbuka zile sekunde 10. Kilo moja kwako ni kitu kidogo, kwake ni daftari la mtoto. Na sisi tunaosoma habari za wapunjao vipimo tunajua hatari yake si ya dunia hii tu.

Pili, mwenye duka pekee kambini. Wafanyakazi wa shamba hawana nauli ya kwenda mjini kila siku, kwa hiyo unga wako watanunua hata ukipandisha bei. Mwezi huu wa kufuturu watanunua sukari na tende zako vilevile. Usihesabu hiyo kuwa ni mapenzi. Siku pikipiki ya mwingine itakapoleta bidhaa mlangoni kwa bei ya haki, utawaona walivyokuwa wakikusubiri.

Tatu, kazi. Wazazi wengi bado wanawaambia vijana, "Tafuta kampuni kubwa, ukae." Nawaheshimu, lakini tazameni wale maelfu wa Telkom. Tazameni na mashamba yetu wenyewe: mashine za kuchuma chai zimechukua kazi ya mikono mingi, na mwezi wa Mei 2023 hasira zikafika mahali mashine zikachomwa moto hapa Kericho. Kuchoma mashine hakukurudisha kazi, kama vile kufungia kituo cha intaneti hakukuirudishia Telkom wateja. Usalama wa kijana ni kuwa na kitu anachokijua na watu wanaomwamini. Opareta aliyejifunza kutengeneza kompyuta alipata pa kusimama. Aliyejua kuchomeka waya kwenye ubao tu, ubao ulipoondolewa aliondoka nao.

Nne, na hili ni la wazazi. Mtoto mdogo hana pa kwenda. Ukimfokea atakusikiliza, ukimpuuza atakungoja. Kwa miaka 15 wewe ndiye opareta wake: kila habari inapitia kwako. Usidhani kimya chake ni utii. Siku atakapopata simu yake mfukoni, na marafiki zake, na chumba chake Nairobi, ndipo utakapojua kama alikuwa akikusikiliza kwa sababu anakupenda au kwa sababu mlango ulikuwa mmoja. Mwezi huu ambao familia zinakaa pamoja kwenye futari ni nafasi nzuri ya kumsikiliza yeye, asubuhi haijafika.

Kwa ufupi, vijana wenzangu: mtendee asiye na pa kwenda kama ambavyo ungemtendea mwenye milango 10. Siku milango itakapofunguka, na itafunguka, hutakuwa na hofu. Na Safaricom nayo, kwa ukubwa wake wa leo, iko katika mtihani ule ule ambao mzazi wake alianguka. Hata chama chetu cha vijana hakijasalimika. Wanaokuja darasani kwetu kwa sababu hakuna darasa lingine mjini, wana haki ya mwalimu aliyejitayarisha.

Ninaloomba ni dogo. Kabla Ramadhan haijaisha, kila mmoja wetu aangalie ni nani ambaye hana njia ila kupitia kwake: mteja, mpangaji, mfanyakazi, mke, mtoto, mzee jirani. Kisha ajiulize, leo akipata njia nyingine, atabaki? Ukiona jibu linakusita, anza hapo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na atufanye watu wa kutimiza vipimo. Wabillahi tawfiq.